Barua Niliyomsomea Nafula

Nina miaka kumi na saba na niko Form Three katika shule ya kutwa hapa Eldoret. Mimi ni mtu wa haya sana. Hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, ulimi unakwama. Mambo yangu huwa naandika tu kwenye daftari ninaloficha chini ya godoro. Lakini hili, wasomaji wenzangu, daftari limeshindwa kulibeba...

Nafula aliletwa kwetu nikiwa na miaka tisa, yeye minane. Mama yake alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la Mzungu upande wa Ziwa, nje ya mji. Mzungu alipouza shamba akaenda kwao, wenyewe wapya walikuja na watu wao, na kambi ya wafanyakazi ikavunjwa. Mama Nafula hakuwa na pa kwenda. Alijuana na mama yangu kanisani, akamwomba akae na mtoto wake mpaka apate mahali pa kujenga.

Mama alimwambia mtoto ni mtoto, atakula tunachokula, na atasoma pamoja na mimi Jeptoo.

Kula, alikula. Lakini kusoma? Kwanza aliambiwa angoje mdogo wetu aanze kutembea. Kabla hajatembea vizuri, akazaliwa mwingine! Ikawa ni hivyo tu. Mimi navaa yunifomu, Nafula anafunga mtoto mgongoni.

Na bado alinipenda. Tulilala kitanda kimoja. Shuleni waliniita Bubu, lakini kwa Nafula nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama yake hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake za kwetu aliandikiwa na mwalimu mmoja wa huko alikobaki akifanya vibarua, na dereva wa lori la maziwa ndiye aliyezileta. Mimi nilimsomea Nafula, mimi nikamwandikia majibu. Akiona bahasha alikuwa anapiga saluti mbele yangu.

"Karani, fungua ofisi! Wananchi tumepanga laini!"

Mwaka jana ikaja barua nyingine. Nilikaa juu ya jiwe karibu na mfereji nikaifungua. Mama yake alisema yeye na wafanyakazi wenzake wamenunua shamba pamoja, ploti zimegawanywa, na kwenye yake amejenga nyumba. Nafula arudi kabla mahindi hayajapandwa. Atamngojea pale basi linasimama, kila siku ya soko.

Nilimwangalia Nafula. Mikono ilikuwa imejaa povu, anafua yunifomu yangu, anatabasamu. Nikawaza, sasa nani atanifulia...? Hapana, niseme ukweli wote. Niliwaza, nitaongea na nani?

"Haya, anasema nini?"

"Anasema... bado hajapata mahali. Anasema uvumilie."

Nafula alisuuza ile nguo polepole. "Basi mwandikie nimevumilia," akasema. "Mwambie asichoke kutafuta."

Nikaandika. Lakini sikuandika hayo! Niliandika kwamba Nafula amezoea mjini, hataki tena maisha ya shambani, na asingojewe. Jamani, roho hiyo niliitoa wapi?

Barua zikakoma. Kila lori likipita, Nafula alikimbia hadi geti, mtoto akirukaruka mgongoni. Dereva anatikisa kichwa. Siku moja Nafula aliniuliza kama mama yake amemsahau. Nikamjibu labda. Labda! Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, na mimi nimenyamaza. Ningeanzia wapi kusema?

Mwaka huu, shule zilipokuwa zimefungwa, yule dereva alisimama kwetu bila barua. Alimwambia mama yangu kwamba Mama Nafula ni mgonjwa sana, amelazwa hospitali ya misheni kule Plateau, na anamwulizia mtoto wake. Mama akanituma nimsindikize Nafula.

Tulimkuta amekonda, amebaki macho tu. Akamshika Nafula mkono.

"Mwanangu, nilikukosea nini ukanikataa?"

"Nilikukataa lini, mama? Si ulisema huna mahali?"

Mgonjwa akapapasa chini ya mto, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanza kukatika. Mwandiko wangu! Nafula aliichukua, akaigeuza huku na huku, kisha akaninyooshea.

"Karani," akasema, na safari hii hakucheka. "Nisomee. Soma vile imeandikwa."

Nikasoma. Mimi Bubu, nilisoma kwa sauti mbele ya wodi nzima, mpaka neno la mwisho.

Hakunipiga. Hakunitukana. Aligeuza tu kile kiti chake, akanipa mgongo.

Mama yake alifariki siku ya nne. Nafula akaenda na mjomba wake kwenye ile ploti, hakurudi kwetu hata kuchukua nguo. Mwezi uliopita dereva aliniletea bahasha. Ndani, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: "Nimeandika mimi mwenyewe. Ninaenda ngumbaru, nasoma na watu wazima. Nyumba ya mama bado iko. Usiniandikie."

Nimeisoma mara ngapi? Sijui...

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Kama kwenu kuna mtoto wa wenyewe, msimwachie kubeba watoto huku wenu wanabeba vitabu. Na wewe unayepewa barua ya mtu asiyejua kusoma, usifanye kama mimi! Soma vile imeandikwa, hata kama ukimaliza utabaki peke yako. Mimi nilidanganya ili nisibaki peke yangu, na leo najifulia yunifomu pale mferejini, hakuna hata wa kuniambia nifungue ofisi.