Tundu la Juu ya Dirisha

Kila siku Zinash alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha jiko. Alilipeleka uani, akaupanga mkaa, akachuchumaa na kulipepea mpaka macho yamtoke machozi. Baridi ya Debre Birhan, mji wetu wa milimani, mwezi wa Disemba haina mzaha, kwa hiyo alitamani sana kuliingiza ndani upesi. Lakini alisubiri. Bibi yake, Askale, alimfundisha kwamba mkaa huingizwa nyumbani ukishaisha moshi. Jiko lisilo na moshi halina neno, alisema bibi, na yeye aliambiwa hivyo na mama yake.

Bibi Askale alikuwa amekuja kutoka kijijini kumtunza binti yake Fantaye, mama yake Zinash, aliyejifungua mtoto wa kike siku kumi na moja zilizopita. Alikuja na kopo la siagi, mfuko wa unga wa shayiri, na masharti mengi kuliko nguo zake. Mzazi hatoki nje. Mzazi hapigwi na upepo. Siku ya kwanza tu alijaza matambara kwenye nyufa zote za dirisha na kutundika blanketi mlangoni. Likabaki tundu moja juu ya dirisha, la ukubwa wa ngumi.

"Hilo liache, mama," Fantaye alimwambia. "Na mimi nataka kupumua."

"Haya, pumua. Baridi ikikuingia mifupani usiniite."

Alhamisi hiyo Zinash aliingiza jiko kama kawaida, makaa yakiwa mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Mama yake alikuwa amelala. Mtoto akapiga chafya, kisha akapiga nyingine. Bibi Askale akalitazama lile tundu, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Umesikia? Kitoto cha siku kumi na moja kinapigwa na upepo, na dada yake amesimama anatazama."

Maneno hayo yalimchoma Zinash. Alikumbuka vizuri alichosema mama, lakini mama alikuwa usingizini na bibi alikuwa macho. Akapanda kigoda, akavua skafu yake nyekundu ya shule, akaisokomeza tunduni mpaka ikakaza. Aliposhuka alijiona dada wa kweli.

Bibi akakaanga kahawa, akaitwanga, akaichemsha. Walipokuwa wakinywa vikombe vya kwanza, Zinash akasema kichwa kinamuuma.

"Hata mimi kinanigonga," bibi akajibu. "Hicho ni kichwa cha kahawa. Leo tumechelewa kunywa. Hebu ongeza mkaa tuchemshe ya pili."

Kwetu sisi, mtu akikosa kahawa saa yake ikifika huumwa kichwa kweli, basi Zinash hakuona sababu ya kubisha. Akaongeza mkaa. Wakanywa vikombe vya pili, na kichwa kikazidi. Miguu yake ikawa mizito na kichefuchefu kikaanza kumpanda. Akakimbilia uani, akatapika karibu na ukuta. Aliposimama pale kwenye upepo kwa muda, kichwa kikaanza kupungua. Hakujua maana yake. Akarudi ndani kumwamsha mama kwa kikombe cha tatu, kile cha mwisho tunachokiita cha baraka.

Mama alifumbua macho lakini hakumwangalia. Alitaka kusema kitu, ulimi ukawa mzito. Zinash akamnyanyua mtoto. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, na alipowekwa kwenye ziwa hakunyonya wala hakulia. Hapo hofu ikamshika Zinash. Akalivuta blanketi la mlangoni likaanguka, akatoka mbio na mtoto huku akimwita jirani yao, Mzee Demise, mwenye bajaji. Mzee Demise akaingia akambeba Fantaye. Bibi alijaribu kuinuka akaanguka kwa magoti, ikabidi naye avutwe nje.

Njia nzima ya kwenda kituo cha afya bibi alirudia neno moja. "Ni upepo. Nilisema lile tundu litatuletea balaa, hamkunisikia."

Zinash alimkumbatia mtoto. Tundu lilikuwa limezibwa, na aliyeliziba alimjua.

Kituoni walipokewa na Sista Tsige, muuguzi mwembamba asiyepoteza maneno. Aliuliza kama mzazi alikuwa na homa, kama alitoka damu nyingi, kama alipata degedege.

"Upepo umempiga, binti yangu," bibi alijibu. "Mchome sindano ya nguvu, kisha tumpeleke kanisani kwenye maji ya baraka."

Sista alikuwa ameshaanza kutayarisha sindano. "Hakuna kingine ninachopaswa kujua? Walikula nini? Walikuwa wapi?"

Zinash alijua kwamba akisema, baba akifika kutoka kiwandani atasimuliwa kwamba ni yeye. Mtaa mzima utajua. Akaiangalia midomo ya mdogo wake, iliyofunguka kidogo.

"Kulikuwa na jiko ndani," akasema. "Na tundu nimeliziba mimi, kwa skafu yangu. Mama alisema liachwe, nikaliziba amelala. Lakini mkaa haukuwa na moshi, Sista. Nilihakikisha."

Sista Tsige akaiweka sindano chini. "Nani kati yenu anaumwa kichwa?"

Bibi Askale akainua mkono polepole, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

Mambo yakaenda haraka. Mtungi wa oksijeni ukaburutwa, Fantaye akavishwa barakoa usoni, na mtoto akawekewa mrija mwembamba puani. Zinash na bibi wakachunguzwa, nao wakapewa zamu yao ya kuvuta hewa hiyo. Sista akafungua dirisha la chumba hicho, baridi ikaingia, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Kesho yake asubuhi Zinash aliamshwa na kilio. Mdogo wake alikuwa akilia kwa njaa na hasira, na mama yake alikuwa ameketi akimnyonyesha, amechoka lakini anajua aliko. Zinash naye akalia, na hakujificha.

"Miaka hamsini nawasha mkaa," bibi alimwambia Sista Tsige. "Ukiisha moshi tunaingiza. Haikuwahi kutokea."

"Nyumba yako ya kijijini ni ya nyasi, mama. Inapumua yenyewe. Hii ya saruji mmeijaza matambara na kuivika blanketi." Kisha akamgeukia Zinash. "Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa sumu. Haina rangi, haina harufu, na moshi ukiisha yenyewe haiishi. Mkiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanasikia kizunguzungu au kichefuchefu, na mtu akitoka nje anapata nafuu, msiongeze kahawa. Tokeni wote, fungueni milango, mje hapa."

"Ni mimi niliyeziba," Zinash akasema.

"Uliziba kwa kutojua. Ila ulisema, na hilo ulilifanya ukijua utalaumiwa. Ungenyamaza ningemtibu mama yako homa ambayo hana, na huyu mdogo asingenisubiri nigundue kosa langu. Mganga hatibu alichofichwa. Siku zote useme ukweli mapema, hata ukiwa mchungu kwako."

Wiki iliyofuata majirani walikuja kumpongeza Fantaye. Jiko lilikuwa uani, na birika la kahawa liliingizwa likiwa limeshachemka. Matambara yalikuwa yameondolewa dirishani, na skafu nyekundu ilikuwa shingoni mwa mwenyewe. Katikati ya mazungumzo mtoto akapiga chafya. Mama mmoja akainuka upesi kulifunga dirisha.

"Kaa chini," Bibi Askale akamwambia. "Mwache apige chafya. Anayepiga chafya anapumua."