Korongo wa Ukoga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Cherop alifagia uwanja, akawasha moto, kisha akakimbilia ukuta wa mawe nyuma ya nyumba kumtazama korongo wake. Alikuwa amemtengeneza kwa ukoga, ule wa kijani, laini, unaoota juu ya mawe yenye unyevu. Alipaka udongo ukutani, akabandika ukoga kipande kwa kipande hadi ndege akatokea, na kishungi kichwani. Mwalimu Mathenge alisema angepita nyumba kwa nyumba siku ya Ijumaa. Mwanafunzi mwenye picha hai, yaani ya mimea inayoota, nzuri kuliko zote angempeleka Kitale kwenye maonyesho ya kilimo. Cherop hakuwahi kufika Kitale, na alitaka kwenda kuliko kitu chochote.

Lakini asubuhi moja alikuta shingo haipo. Akabandika upya. Kesho yake mabawa yalikuwa chini, yamekanyagwa. Siku iliyofuata ndege mzima alikuwa ametoweka, ukabaki ukuta mtupu uliolowa. Hasira zilimpanda hadi machozi yakamlengalenga.

"Ni wewe," alimwambia mdogo wake, Chepchumba. "Unanionea wivu."

"Si mimi. Hata sijagusa."

"Sasa ni nani? Ati ni upepo?"

Chepchumba alikimbilia jikoni akilia, na siku hiyo hakula.

Jioni mama alirudi kutoka sokoni Cheptais akawakuta hawasemezani. Alipoambiwa kisa, alikwenda ukutani, akachukua udongo kidogo na kuuonja kwa ncha ya ulimi.

"Cherop, huu udongo ulitoa wapi?"

"Kwa gunia, kule zizini. Ulikuwa umetwangwa tayari. Mtoni ni mbali, mama."

"Ulimwomba nani?"

Cherop akainamisha kichwa. Alikuwa amelelewa na shangazi yake mjini Kanduyi, na mambo mengi ya ng'ombe hakuyajua. Kuuliza nako aliona ni kujiaibisha.

"Huo ni udongo wa chumvi," mama alisema. "Baba yako aliutoa kwa pango la mlimani ili ng'ombe walambe. Kila alfajiri wanapita hapa. Wewe umewapakulia chakula ukutani, halafu unagombana na mtoto."

Cherop alitamani ardhi immeze. Aliingia jikoni polepole.

"Nisamehe, Chepchumba. Nilikusingizia."

"Mimi ningekuambia ni chumvi," Chepchumba alijibu. "Lakini wewe hukuuliza. Ulinigombeza tu."

Kesho yake baada ya masomo waliuosha ukuta kwa maji, wakateremka mtoni, wakapanda na ndoo mbili za udongo, mikono ikiwauma. Korongo alirudi ukutani kabla ya jua kuzama.

Ijumaa Mwalimu Mathenge alimtazama ndege huyo kwa muda mrefu. "Nani amemtengeneza?"

"Ni sisi wawili, mwalimu," Cherop alisema. "Peke yangu nilishindwa."

"Basi Kitale mtakuja wawili."

Jioni hiyo mama alimwambia Cherop, "Ungeuliza kabla ya kuchukua, na ungeuliza kabla ya kulaumu, hungeteseka wiki nzima. Mdogo wako pia hangelala njaa."

Alfajiri ng'ombe walipita. Mmoja alisimama, akanusa korongo, akaenda zake.