Mkono Uliotulia Mezani

Mama Mikate hakujua kutembea polepole. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na tanuri halimsubiri mtu. Watu wengine walipokuwa wanapiga mswaki, yeye alikuwa ameshakanda, ameshaoka na ameshapanga mikate kwenye trei. Kisha alirudi nyumbani mbio, unga ukiwa bado kwenye nyusi, kumhudumia mumewe.

Mumewe aliitwa Fundi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mke wake. Alishona suti za maharusi na sare za shule kwa miaka mingi. Halafu presha ya macho ikaanza kumwibia nuru kidogo kidogo. Alidhani ni uchovu tu. Alipofika hospitali alikuwa amechelewa, na sasa haoni kabisa. Cherehani yake ilikaa kwenye kona ya sebule, imefunikwa shuka. Fundi naye alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, asubuhi hadi jioni.

"Haya Fundi, ukaoge," alisema Mama Mikate. Alipomaliza kusema alikuwa ameshamshika mkono na kumnyanyua.

Fundi alishtuka. Goti lake likagonga meza.

"Pole jamani! Ungeinuka upesi usingegonga."

Fundi hakujibu. Siku hizi kulikuwa na mambo mengi ambayo hakuyajibu. Zamani alikuwa msemaji sana, mtu wa kuwatania wateja mpaka wasahau kuwa suti haijaisha. Mama Mikate aliuona ukimya huo, na ulimuuma. Lakini alikuwa na nguo za kufua.

Binti yao mkubwa alifanya kazi katika kituo cha kutunza ndege na wanyama. Wengi wao walikamatwa mikononi mwa watu waliowasafirisha bila kibali. Siku moja alikuja na tundu. Ndani yake walikuwamo kasuku wawili wachanga.

"Baba, nimekuletea wageni," alisema. "Walitolewa kwenye kiota kabla hawajajua kujitafutia. Porini hawataweza tena. Kituo kimekubali uwalee, na kibali kipo."

"Wakoje?" aliuliza Fundi.

"Kijivu. Huyu mmoja mkia wake mwekundu kweli kweli, na ukucha wake mmoja umekatika."

"Mwekundu nyuma kabisa, mwisho wa kazi? Huyo ni Pindo. Na mwenzake?"

"Amepauka kidogo, kama amepakwa vumbi."

"Basi ni Chaki," alisema Fundi, akacheka. Mama Mikate aliganda na sufuria mkononi. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko hicho.

Binti aliwaambia wasiwe na haraka na ndege hao. Alisema pia kwamba ofisa wa kituo angekuja kuwatazama. Kama wangekuwa wamedhoofu, wangerudishwa. Mama Mikate aliitikia, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye chachu aliyoiacha kazini. Nusu ya maneno iliingia, nusu ilipita.

Waliliweka tundu kwenye ujia kati ya jiko na sebule ili kila apitaye awaone. Jioni hiyo Fundi aliingiza mkono ndani. Kwa kuwa haoni, ilibidi apapase. Vidole vyake vilitafuta huku na huku. Kasuku wakanguruma kwa sauti ya chini, sauti ambayo usingeitegemea kwa ndege mdogo. Pindo akamuuma, damu ikatoka.

"Usijali," alisema Mama Mikate, akimfunga kidole. "Hata unga mwanzoni ni mgumu. Ukiukanda unalainika. Na hawa tutawakanda."

Basi kila aliporudi kazini alichukua taulo la jikoni. Aliufungua mlango wa tundu, akamvizia Chaki kwenye kona, akamfunika na kumkamata. Alimchagua Chaki kwa sababu ndiye asiyeuma sana. Alimzungushia taulo, kisha akamweka mikononi mwa mumewe. Chaki alipiga mateke. Alilia. Baadaye alinyamaza.

"Unaona? Ametulia."

"Kuona sioni," alisema Fundi. "Lakini nasikia kanyamaza."

Waliendelea hivyo. Chaki akawa hapigi tena mateke. Mama Mikate alijipongeza kimoyomoyo, na kazini aliwaambia wenzake kuwa ndege ameshaiva.

Kisha alianza kufagia manyoya. Yalikuwa madogo, laini, ya kifuani. Alipochungulia ndani ya tundu, aliona ngozi tupu kwenye kifua cha Chaki. Ndege alikuwa anajinyofoa manyoya yake mwenyewe. Bakuli la chakula halikupungua. Na kila yeye alipopita na aproni yake nyeupe, wote wawili walijitupa kwenye ukuta wa nyuma wa tundu mpaka wakaanguka chini.

Siku hiyo Fundi aliukataa mzigo wa taulo alipopewa.

"Mwambie binti aje awachukue."

"Kwa nini tena?"

"Moyo wa huyu ndege huwa nausikia mkononi. Unakwenda mbio kama cherehani iliyoshindwa kusimama. Hajanizoea, bibie. Ananiogopa. Kama hata ndege wananikimbia, waende. Mimi niacheni hapa nilipo."

Akageukia ukutani.

Mama Mikate alimrudisha Chaki kwenye tundu. Hakuwa akiwaza ndege tu. Alimtazama mume wake na hofu ikamshika. Aliona anampoteza mtu ambaye bado amekaa kwenye kiti.

Daktari wa mifugo wa mtaa ule alikuwa mteja wake wa mikate. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, ila swali lake halikwepeki. Mama Mikate alimwita, naye alipofunga kazi mchana huo alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni kwanza.

"Hodi. Shikamoo, mzee. Mimi ni daktari wa mifugo. Naingia, nakuja kukaa kwenye kiti cha kushoto kwako."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa. Hakulisogelea tundu. Aliwatazama ndege kutoka pale pale kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mnawashikaje?"

Mama Mikate alieleza yote. Alieleza kuhusu taulo, na jinsi Chaki anavyotulia.

"Hatulii, mama," alisema daktari. "Anakata tamaa."

"Anakata tamaa vipi?"

"Kasuku ni ndege wa kuwindwa. Porini, kitu kinachomkamata kwa ghafla ni mwewe. Anapigana. Akiona hawezi kujinasua, ananyamaza na kungoja kuliwa. Ukimya ule si kuzoea."

Mama Mikate alikaa kwenye kigoda. "Mungu wangu. Kwa hiyo kila siku nilikuwa..." Machozi yalimjia, akayafuta kwa aproni, unga ukamwingia machoni.

"Hukujua, mama. Na bado ni wachanga, wanaweza kuamini tena. Kesho nitapima choo chao na kifua cha Chaki, nione kama hana ugonjwa. Ila kazi kubwa ni yenu."

"Tuambie," alisema Fundi. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

"Kwanza, tundu litoke njiani. Liwe kwenye kona tulivu, ukuta nyuma yake, mbali na moshi wa jiko. Mtu akilindwa mgongo anapumua. Pili, msiwakamate tena. Kaeni karibu nao, mzungumze kwa sauti ya chini. Wapeni mbegu za alizeti kupitia kwenye nyaya. Wakizoea hapo, mlango ufunguliwe na mbegu iwe kwenye kiganja. Akikataa, acheni, mjaribu baadaye. Akiuma, usipige kelele wala usiuvute mkono kwa nguvu. Tulia, kisha uutoe polepole. Na mkae naye muda mfupi mfupi, mwache akiwa bado anapenda."

"Sawa," alisema Fundi. "Lakini anayeona atamtazama ndege, ajue anaogopa. Mimi nitajuaje?"

"Utasikia, mzee. Akinguruma, anaogopa. Simama hapo hapo. Akijikung'uta manyoya, hofu imempungua. Na ukisikia anasaga mdomo, krr, krr, taratibu, ujue ameridhika."

"Kama mkasi kwenye kitambaa kizito."

"Ndiyo hasa." Daktari alitabasamu. "Tena mkono wako hauwezi kumtafuta bila kumtisha. Basi usimtafute. Uweke mezani, utulie. Yeye ana macho, mwache akutafute. Na siku zote sema kabla ya kusogea, ajue ni nani anakuja."

"Hilo nalijua," alisema Fundi.

Alipapasa ukingo wa kiti.

"Mkono ukinijia bila sauti, roho inaruka. Hata ukiwa mkono wa mtu ninayempenda. Mwili hausubiri kujua ni wa nani."

Hakusema kwa hasira, na hakumtaja mtu. Lakini Mama Mikate alihisi uso unamwaka. Aliikumbuka meza na goti. Alikumbuka bafuni, mlangoni, kitandani, kila mahali alipomvuta mume wake kama trei ya mikate. Na yeye aliyaita hayo mapenzi. Daktari aliinuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Siku iliyofuata daktari alimpima Chaki, hakukuta ugonjwa. Tundu likahamia kwenye kona ya sebule, karibu na cherehani. Fundi akahamisha kiti chake mwenyewe, akikiburuza na kugongagonga, na akakataa msaada.

Akaanza kuwasimulia kasuku habari za suti. Aliwasimulia habari ya bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuoa. Aliwaeleza kosa la kukata lapeli, ule ukunjo wa kola ya koti, kabla ya kupiga pasi. Wanafunzi wake hao hawakuuliza maswali, lakini kunguruma kulipungua. Siku moja Pindo alichukua mbegu kwenye vidole vyake. Baadaye aliichukua kiganjani. Akamuuma mara moja, akamuuma tena, na Fundi alimeza maumivu bila kuuvuta mkono. Siku nyingine alisikia uzito mdogo umepanda kwenye kidole chake.

"Ukucha mmoja haupo," alinong'ona. "Huyu ni Pindo."

Mama Mikate naye alikuwa na darasa lake. Kabla ya kumgusa mumewe alisema, "Fundi, ni mimi. Nipo kulia kwako. Kiwiko changu hiki hapa." Mwanzoni alisahau na kumvuta, akaomba radhi. Polepole mikono yake ilijifunza kusubiri. Fundi alikishika kiwiko mwenyewe, wakatembea hatua kwa hatua, wala hakugonga kitu.

Ofisa wa kituo alikuja. Alimkuta Pindo begani kwa Fundi. Alichungulia kifua cha Chaki, akaona manyoya mapya yameanza kuchomoza, akasema ndege wabaki.

Lakini Chaki hakutoka. Tundu lilikuwa wazi na Pindo alitembea mezani, ila Chaki alikula mbegu akiwa ndani tu. Mama Mikate akiingia sebuleni, alirudi kwenye kijiti cha mbali na kunguruma. Aproni aliivua mlangoni, taulo alilifungia kabatini. Haikusaidia. Chaki alimkumbuka.

"Mimi hatanisamehe," alimwambia mumewe siku moja.

"Taratibu, bibie. Huyu si unga."

Siku moja, mapema alasiri, alirudi kazini na kusimama mlangoni. Fundi alikuwa mezani, mkono wake umelala wazi juu ya meza, na mbegu hazikuwepo kiganjani. Juu ya kiganja hicho alisimama Chaki.

Moyo ulimpasuka kwa furaha. Alitaka kukimbia, apige kelele, awakumbatie wote wawili. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Akaizuia.

"Fundi, ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nipo mlangoni. Nisogee?"

"Sogea. Kidogo."

Alisogea. Chaki alinyoosha shingo na kubana manyoya. Akanguruma. Mama Mikate alisimama pale pale, mguu mmoja mbele, mikono imening'inia. Alisubiri, yeye ambaye hakuwahi kusubiri kitu isipokuwa mkate uumuke.

Chaki alijikung'uta. Fundi alisikia.

"Sogea tena."

Alisogea. Alisimama. Alisogea. Mpaka akafika kwenye kiti, akakaa taratibu. Alihesabu pumzi zake ili asilie. Kwa karibu aliona macho ya ndege, bado meusi ya utoto, yanamtazama bila kupepesa.

Fundi aliuleta mkono wake wa pili mezani. Akaugeuza kiganja juu, akauacha hapo. Hakuutafuta mkono wa mkewe. Alingoja.

"Nakuja," alisema Mama Mikate, na akaweka mkono wake wenye unga ndani ya kiganja kile. Fundi hakushtuka.

Chaki hakuruka. Aliutazama mkono mmoja, akautazama wa pili. Kisha akainamisha kichwa kwenye manyoya ya bega lake, akafumba macho, akaanza kusaga mdomo.

"Unasikia?" aliuliza Fundi.

"Nasikia," alisema Mama Mikate. Siku hiyo hakuwa na pa kuwahi.