Rangi ya Buluu Tumboni mwa Fundi Msasa

Kwaruu! Kwaruu! Kwaruu!

Msasa ulikuwa ukisugua ukuta wa sebule nyumbani kwake. Ghafla kimya. Fundi rangi, ambaye mtaani walimwita Msasa, aliutupa chini na kukimbilia chooni.

"Damu tena, baba watoto?" mkewe alimuuliza aliporudi.

"Kidogo tu."

"Kidogo mwezi mzima? Baba yako alifariki kwa saratani ya utumbo. Vaa viatu, twende hospitali!"

Daktari aliwaeleza kipimo. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa, kuangalia utumbo mpana. Muuguzi akampa Msasa dawa ya kusafisha tumbo.

"Unywe yote, fundi. Yote!"

Lakini Msasa hakuwahi kumaliza kopo la rangi maishani mwake. Kila kazi alibakiza rangi kidogo ya kurekebishia. Basi na dawa akabakiza, akaifunika vizuri, akaiweka kabatini.

Siku ya kipimo, kamera iliona uchafu mtupu.

"Fundi, wewe hupaka rangi juu ya matope?" muuguzi alimtania.

"Sipaki, dada. Nauosha ukuta kwanza."

"Na mimi nioshee huo wa ndani!"

Wiki iliyofuata alikunywa mpaka tone la mwisho. Alikwenda chooni mara nyingi, mkewe akauliza, "Nikuhamishie kitanda huko?"

Safari hii utumbo uling'aa. Dawa ya kutuliza ilimlegeza Msasa, lakini macho yake yaliganda kwenye skrini.

"Safi! Hakuna kitu!" alisema.

"Usishangilie bado," daktari alijibu. "Vivimbe vingine havijainuka. Vimelala bapa, rangi yake sawa na utumbo. Mwanga wa kawaida unaweza kuvipita."

Akanyunyiza dawa ya buluu. Ikatiririka, ikatuama kwenye mikunjo. Mara mpaka wa kitu ukajichora, kama kiraka kibaya cha plasta.

"Kile pale!" Msasa akapaza sauti.

"Tulia, usiruke!" daktari alicheka. "Kuna kamera nyingine hubadilisha mwanga wenyewe, bila dawa. Lengo ni lile lile: kilichojificha kionekane."

"Na mimi ndivyo nifanyavyo, daktari! Naweka taa ubavuni mwa ukuta, kila kasoro inatoka!"

Kivimbe kikakatwa kwa waya mdogo, palepale. Hakuhisi maumivu.

Majibu ya maabara yalipotoka, Msasa alishika mkono wa mkewe kwa nguvu.

"Damu ilikuwa ya bawasiri. Inatibika," daktari alisema. "Kivimbe si saratani. Lakini kingeachwa, kingeweza kuwa saratani. Urudi nikuangalie baada ya miaka mitatu. Na ndugu zako nao wapimwe."

Mkewe alipiga kigelegele. Hata kabla ya kutoka nje ya geti, Msasa alikuwa keshampigia simu kaka yake.

"Mimi siumwi, mdogo wangu," kaka alijitetea. "Sina hata damu."

"Kivimbe changu hakikuuma wala hakikutoa damu, kaka! Baba tulimpoteza. Wewe sikupotezi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na siondoki bila wewe. Nakuahidi."