Mistari ya Kipyegon, Maboksi ya Nabwile

Siku ya soko Kitale, duka la vitambaa la Sapna hujaa hadi mlangoni. Nabwile alikuwa ametoka Bungoma kutafuta kitenge, gauni lake la manjano likiwaka katikati ya watu, ndipo akamwona kijana ameinamia laptopu pale kaunta, akitengeneza tovuti ya duka. Shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, vidole virefu. Akasahau kitenge.

"Samahani, hayo maandishi yamebanana," alisema. "Si uyape nafasi?"

Kijana huyo, Kipyegon, aliandika mstari mmoja wa CSS, lugha ya kuuambia ukurasa ukae vipi. Maandishi yakaachana vizuri kila mahali. Nabwile alishangaa waziwazi.

"Mstari mmoja tu? Mimi pia hutengeneza tovuti, lakini si hivyo."

"Mmoja. Wewe unatumia nini?"

"Mimi navuta maboksi ya ukurasa na mausi. Programu inaniandikia CSS yenyewe."

"Kumbe wewe ni wa kusukuma maboksi!"

"Na wewe wa kuhesabu mabano. Nani amekuambia yamebanana?"

Sapna, aliyekuwa akipima hariri, alicheka na kuwapa kazi wote wawili: Nabwile apange kurasa kwa programu yake, Kipyegon azinyooshe kwa CSS.

Nabwile akarudi Bungoma, kazi ikawa ya simu, na simu zikawa tamu.

"Niaje mrembo, umeamka?"

"Nimeamka na wewe kichwani, bana. Umeona ukurasa wa sari?"

"Nimeuona. Hiyo rangi umeitoa wapi? Mimi siwezi hata kuiota."

Na kweli Nabwile alikuwa na jicho. Alikuwa akisogeza picha kidogo tu, ukurasa mzima unatulia. Naye alipenda kuona mistari michache ya Kipyegon ikifanya ukurasa mpana uenee kwenye simu ndogo, na kila mara alimuuliza amefanyaje. Walipendana, wala hawakuficha.

Ila Nabwile alikuwa amemwambia aweke mistari yake ndani ya programu, mna mahali pake. Kipyegon aliidharau programu hiyo, hakuwahi hata kuifungua, akaiweka mistari nje yake. Asubuhi moja Nabwile alibadilisha rangi ya kitufe, akachapisha. Programu ikaandika CSS upya juu ya ile ya Kipyegon. Tovuti ikavurugika kwenye simu, wateja wakamlalamikia Sapna.

"Umefuta kazi yangu yote!" Kipyegon alifoka kwenye simu.

"Nimebadilisha rangi tu, Kip. Si nilikuambia..."

"Hii si kazi ya kuchorachora! Ungeachia wanaojua."

"Kwa hivyo ndivyo umekuwa ukiniona," Nabwile alisema, akakata. Simu zilizofuata hakushika.

Kipyegon alikosa raha. Mwishowe akaifungua ile programu, akapaona mahali pa mistari yake, palepale alipoambiwa. Aliona aibu sana. Alipojaribu kusogeza picha moja, ukurasa mzima ukaparaganyika.

Jumamosi alisimama mlangoni mwa ofisi ya Nabwile, Bungoma.

"Unaomba msamaha kwa sababu umenikosa," Nabwile alimuuliza, "ama kwa sababu umeelewa?"

"Nimeelewa, mpenzi. Picha moja imenitoa jasho. Wewe unafanya hivyo mchana kutwa, na mimi nikakudharau. Fungua simu yako, nimekutumia kitu nimetengeneza na programu yako."

Ukurasa ulikuwa kituko: maua makubwa, rangi zinapigana, na katikati swali, *Nabwile, nikuoe?*

Alijizuia kucheka. "Kip, nijibu wapi?"

"Si kuna kitufe hapo chini?"

"Kwa simu kimefunikwa na maua."

Kipyegon alishika kichwa. "Ati nini? Kwa laptopu kilikuwa sawa!"

"Lete laptopu. Sogea."

Nabwile hakugusa mausi. Aliandika CSS kwa mkono, mstari wake wa kwanza, Kipyegon akitazama mdomo wazi. Kwenye simu maua yakapanda juu, kitufe kikatokea: *Ndiyo*.

"Na cha *Hapana* kiko wapi?"

"Hicho sikuweza kukitengeneza."

Nabwile akakibonyeza kile cha *Ndiyo*.