Kisigino Kwenye Gundi

Asubuhi ya nne mtego haukuwa na panya. Ulikuwa na alama ya mguu.

Theopista alikivuta kipande cha boksi kutoka chini ya kitanda cha mke wa mwanawe, akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akavaa miwani. Katikati ya gundi, pale alipokuwa ameweka dagaa, palikuwa na unyayo mmoja wa kulia, mdogo kama wa mtoto anayeanza kusimama, kisigino kimezama, vidole vitano vimejichora vizuri. Dagaa hakuwapo. Hapakuwa na unyayo wa pili, wa kuingia wala wa kutoka.

"Violet, ni wewe umekanyaga hapa?"

Violet alikuwa ameketi kitandani, akimnyonyesha mtoto. "Mguu wangu huo, Mama? Kwa wiki tano za mtori wako wa ndizi nimekuwa kama ng'ombe wa maonyesho. Hapo pasingetosha hata kidole gumba."

Wakacheka wote wawili, kisha wakamtazama mtoto. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine ila Aristides, na Aristides alikuwa na wiki tano. Hakujua hata kugeuka.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Nino. Huku Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mvua ilinyesha mpaka migomba ikawa inaanguka yenyewe, na panya wa mashambani wakahamia majumbani, kwenye mahindi ya darini na kwenye harufu ya maziwa. Usingeweza kuwalaumu sana; kila kiumbe kilikuwa kinatafuta pakavu. Lakini mmoja wao alikuwa amemng'ata mtoto kidole cha mguu. Violet alikuwa mzazi, na kwa desturi mzazi hukaa ndani miezi mitatu akila na kupumzika, asitoke ila kwenda chooni nyuma ya nyumba na kurudi. Siku ile alilia mpaka jioni, akisema amefungiwa chumba kimoja na wanyama. Mumewe, Jacob, alikuwa mlimani akibeba mizigo ya watalii. Basi Theopista akateremka hadi Kiboriloni, kwa Adija.

Adija alikuwa mama wa mjini, Mwislamu, aliyeuza sokoni sumu ya panya, ubani na udi kwenye turubai moja. Watu walisema anajua pia mambo ya majini. Mwenyewe alisema anauza dawa tu.

"Paka kwenye boksi, weka dagaa katikati," alimwelekeza Theopista, akimpa tyubu ya gundi. "Ila Mama Jacob, kilichonasa usikiache kikakaa. Kiue, au kitoe kwa mafuta kiende zake. Kitu kikibanwa muda mrefu kinaizoea nyumba."

"Panya azoee nini? Ameshazoea kuliko mimi."

"Sijasema panya," alijibu Adija, akamgeukia mteja mwingine.

Siku tatu za kwanza gundi ilikamata panya kumi na mmoja na mende wasiohesabika. Theopista hakupenda zile sauti zao nyembamba. Aliwaua upesi kwa mpini wa jembe, akiwaambia pole. Sasa alisimama na boksi lenye unyayo asijue lipi la kuua. Akalikunja katikati, gundi kwa gundi. Alitaka kulichoma, lakini moshi wa gundi haufai kumfikia mzazi, na nje mvua ilikuwa imeanza tena. Akatafuta kamba ya kulifungia. Maganda ya mgomba yote yalikuwa yameloa, yakimkatikia mikononi. Akanyoosha mkono kwenye ua wa kihamba, shamba lao la migomba, akachuma jani refu la isale, mmea wa mipaka, akalizungusha kwenye boksi, akapiga fundo. Akalichomeka juu ya mlango wa chumba cha Violet, chini ya bati, alichome jua likitoka.

Jua halikutoka kwa siku tisa, naye akasahau.

Kilichoanza kuwashangaza ni ukimya. Hapakuwa na panya tena, wala mende, wala hata mbu. Theopista alimshukuru Mungu, akamsifia Adija. Kisha bakuli la mtori likaanza kurudi tupu, limerambwa likang'aa, na Violet akaanza kukonda.

"Unakula?" aliuliza Theopista.

"Nalala kidogo, nikiamka limeisha. Nikadhani unaondoa wewe, Mama."

"Niondoe chakula cha mzazi? Mimi nina wazimu?"

Baadaye ikaja harufu, tamu na nzito kama ya ile gundi, ndani yake mna harufu ya nywele zilizolowa. Ilikuja mchana, saa nane hivi, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kuziba dirisha, na pamoja nayo ikaja sauti. Ilikuwa kama plasta inayobanduliwa polepole kwenye ngozi. Ilisikika mara moja, halafu kimya cha kutosha kusema Baba Yetu nzima, halafu ikasikika tena, hatua moja karibu zaidi na kitanda.

"Mama," Violet alinong'ona siku ya nane, "njoo umwinue mtoto."

"Wewe mikono yako imefanyaje?"

"Njoo tu. Usiseme kwa nguvu."

Theopista akapitisha mikono chini ya mjukuu wake, akavuta, na mtoto hakuja. Alikuja kidogo, kama kitu kinachong'ang'aniwa na mtu aliye chini ya godoro asiye na haraka yoyote, akaja kidogo tena, akilia, mpaka alipobanduka kwa ile ile sauti waliyokuwa wakiisikia, na mgongo wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na kwenye shuka hapakuwa na kitu, shuka ilikuwa kavu na safi kama ilivyotoka kuanikwa.

Violet akampokea, akamkumbatia, akakimbilia mlangoni bila kanga kichwani, hakujali tena desturi wala mvua wala majirani, akafika kwenye kizingiti na hapo miguu yake ikakataa. Alivuta wa kulia, ukakataa. Alivuta wa kushoto, ukakataa. Na alipogeuka kurudi kitandani, yote miwili ikanyanyuka kirahisi kama kawaida.

"Naweza kurudi, Mama," alisema. "Kutoka ndiyo siwezi."

Theopista mwenyewe aliingia na kutoka bila kuzuiwa. Hilo lilimwogopesha kuliko yote: kilichokuwa chumbani kiliwataka hao wawili tu. Kesho yake, baada ya kuona mtoto sasa anabanduka kwa shida zaidi na ameanza kukataa ziwa, alivaa viatu vya mvua akateremka mjini, na saa nane alikuwa amerudi na Adija.

Adija hakuingia. Alisimama barazani, chini ya matone ya bati, akavuta hewa puani.

"Hodi," alisema taratibu, lakini hakumwambia mwenye nyumba. Akasikiliza. Ndani ikasikika hatua moja. Akarudi nyuma.

"Ni jini?" aliuliza Theopista.

"Ni mpita njia. Wapo wengi wanaopita majumbani mwetu, hawana shida na mtu. Huyu alifuata dagaa kama panya, mkambana. Lakini ningetegemea hasira, na hasira yake siioni. Aliyenaswa huwa anavunja vitu, anapiga watu. Huyu ametulia. Amekaa kama mtu aliyekaribishwa." Akainua macho. "Kile nini pale juu?"

Theopista alifuata kidole chake. Boksi lilikuwa palepale. Siku tisa zilikuwa zimepita, na jani lililolifunga lilikuwa bado bichi, likimeta.

"Boksi lenyewe. Nililifunga ili nilichome."

"Kwa hilo jani? Mama Jacob, majini nayajua kidogo. Jani ni la kwenu. Wewe ndiye unayejua umefunga nini."

Theopista akakaa chini kwenye benchi la baraza. Miaka miwili nyuma, Jacob alipomtorosha Violet, yeye mwenyewe ndiye aliyelipiga fundo jani la isale na kulipeleka kwa wazazi wa binti. Mtu uliyemkosea akiletewa isale lenye fundo, hana ruhusa ya kukataa; husamehe, na mnakuwa ndugu. Baba yake Violet alilipokea. Alisamehe, wakala naye meza moja, ingawa macho yake hayakuinuka kwenye sahani.

"Nilimwomba radhi," Theopista alisema polepole. "Bila kujua. Nilimbana, halafu nikamwekea isale juu ya mlango. Amenisamehe. Ndiyo maana anakula na sisi. Ndiyo maana hataki ndugu zake wa chumba kimoja watoke."

"Na ukilifungua fundo?"

"Basi sijaomba radhi. Atakuwa huru kwenda. Na atakuwa ananidai."

Adija hakusema fanya wala usifanye. Alisema tu, "Gundi hutoka kwa mafuta, si kwa nguvu. Una samli?"

Samli ya mzazi ilikuwepo, kibuyu kizima. Theopista aliingia akampaka Violet nyayo zote mbili, akampaka mtoto mgongo, mikono yake ikifanya kazi kama siku zote alipomkanda. Harufu ilikuwa imejaa chumba chote. Mahali fulani kati ya kitanda na ukuta kitu kilikuwa kinapumua kwa utulivu.

"Nikisema nenda, usigeuke," alinong'ona. "Hata nikikuita."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyenunua gundi, mwanangu."

Akapanda kwenye kigoda, akalichomoa boksi, akalishika fundo kwa kucha. Lilikuwa limekaza kama limefungwa na mtu mwingine. Alilifungua huku akisikia hatua zikija, sasa si moja moja tena bali zikifuatana, nyepesi, za haraka, za mguu mdogo uliojifunza kutembea, na jani lilipoachia na boksi likafunuka mikononi mwake, gundi ilikuwa laini kama maji ya bwawa, haina unyayo wowote, na yeye akapiga kelele, "Nenda!" Violet akavuka kizingiti na mtoto kifuani, akaanguka kwenye matope ya uani mbele ya Adija, analia, anacheka, anamhesabu mtoto vidole.

Nyuma yao mlango ukajifunga bila upepo.

Theopista hakutoka. Jacob aliporudi alivunja mlango, akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mzima, anaongea vizuri, nyayo zimeng'ang'ania sakafu. Padri alikuja. Daktari alikuja, akasema ni mishipa. Sijui kama alikosea. Jacob alijenga vyumba viwili upande wa pili wa ua, na Violet akawa anampelekea mama mkwe chakula dirishani.

"Leta vijiko viwili," Theopista alisema siku ya kwanza. Siku ya pili akaomba jani la isale.

Kila asubuhi alilipiga fundo, akaliweka sakafuni mbele yake. Kila alasiri, ukungu ukishuka, jani lilikutwa uani limenyooka, fundo limefunguliwa.

"Hajakubali bado," alisema, bila uchungu. "Ana haki yake. La kwanza nililifungua mimi mwenyewe."

Ikawa hivyo kwa miezi kumi. Aristides akaota meno, akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika ukuta. Alasiri moja, ukungu umeshuka, Violet alikuwa anachambua maharage barazani akamwona mtoto ameachia ukuta, anatembea peke yake hatua zake za kwanza, anatoka upande wa lile dirisha. Akapiga makofi. Kisha akaona ameshika kitu.

Lilikuwa jani la isale, bichi, na lilikuwa na fundo. Violet alikuwa ameyaona mafundo ya mama mkwe wake siku mia tatu. Hili halikuwa lake. Lilikuwa dogo, limekazwa na vidole vidogo, na linanata.

"Tupa!" alisema. "Baba, tupa, mpe mama."

Mtoto akalikumbatia kifuani. Alikuwa ameshalipokea, na aliyelipokea hana ruhusa ya kukataa.

"Mama!" Violet aliita kuelekea dirishani. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na ndani ya nyumba, pale ambapo kwa miezi kumi hapakuwahi kukosa jibu, ikasikika ile sauti ya zamani, ya mguu mmoja ukibanduka sakafuni, halafu kimya, halafu, karibu zaidi na mlango, ukabanduka tena.