Kipande cha Saba cha Mwahija

Mwanamume aliyesimama mbele ya meza ya Ziada, sokoni Lindi, alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na alitaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Chupa tatu.

"Mkeo hapendi nyekundu?" Ziada aliuliza, huku akimalizia kumpaka mteja kidole gumba.

"Sina mke. Ni ya kuzibia vioo."

"Haya bwana. Wengine husema ni ya dada yao."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Wiki mbili baadaye walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni. Ziada alijua sasa kwamba Yassin anafanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mikorosho, kule Rasbura. Kwamba huchukua vipande vyembamba vya mizizi, huvitia rangi inayong'aa chini ya mwanga wa buluu, kisha huvifunika kwa kioo na kuziba kingo kwa rangi ya kucha. Asichokielewa ni vile Yassin alivyokuwa akinyamaza ghafla katikati ya maongezi, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

"Uko na nani, laazizi?" alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Na Mwahija," Yassin akajibu bila kufikiri.

Ziada akakata simu. Siku nne hakupokea. Ya tano wivu ukamchosha. Akajitanda mtandio wake wa zambarau, akaenda Rasbura alasiri.

Alimkuta peke yake, mapazia yamefungwa, jicho kwenye darubini. Mezani palikuwa na slaidi sita za kioo, kila moja imeandikwa Mwahija na namba.

"Alikuwa mchumba wangu," Yassin alisema. "Alivikata yeye, vipande saba. Wiki iliyofuata homa ikamchukua. Mwaka wa tatu huu."

Ziada akainama kuangalia. Aliona giza, na kijani kidogo kinachofifia.

"Mbona hakuna kitu?"

"Kila nikiangalia, mwanga unaila ile rangi. Nilivifunika kwa gliserini. Haigandi, na unaangalia papo hapo." Akaonyesha kichupa kingine. "Gundi hii ina dawa ya kuzuia rangi isife haraka. Inatunza miaka. Ila ikiganda imeganda, na lazima ikae gizani siku nzima. Kimebaki kipande kimoja."

"Kumbe unapenda gliserini kwa sababu huwezi kukaa siku moja bila kumwona."

Chumba kilinukia udi, na hapakuwa na chetezo. Ziada alimhurumia Yassin, akamchukia marehemu, akaona aibu kumchukia.

"Mpenzi, unamfuta mwenyewe," alisema. "Leta gundi. Mkono wangu hautetemeki, ndiyo kazi yangu."

Yassin akatoa kipande cha saba, akadondosha tone juu yake. Ziada akashusha kioo taratibu, kikianzia upande mmoja. Mkono uliopaka kucha za maharusi wa Mitwero ukatetemeka mara moja tu. Kiputo cha hewa kikabaki kando ya kipande.

"Samahani."

"Acha. Usikiguse."

Kesho yake waliangalia pamoja. Mzizi uliwaka kijani, kila ukuta wa seli ukionekana, na kiputo cha Ziada pembeni, kimeganda. Yassin aliangalia mara moja, akazima taa, akakifungia kipande kile kwenye kasha.

"Ijumaa nitaleta wazee kwenu," alisema.

Machozi yalimlenga Ziada, kwani alikuwa akimpenda kweli.

"Waje hata kumi," alisema. "Ila Mwahija abaki hapa."

Yassin akaligeukia lile kasha.

"Nitamwambia," akasema.